Miembe ya Kasongo na watu wake

Kasongo ni mji wa miembe. Bustani ya mimea kama ile ya Kisantu, au ile ya Eala kule Mbandaka iliyoanzishwa mwaka 1900, hatujapata kuwa nayo. Lakini yale ambayo wenzetu huyafuata katika bustani hizo, kusikiliza mtu mwenye ujuzi, kuimba, kushika jembe pamoja bila malipo, mimi niliyakuta chini ya miembe hii tangu utoto. Nayaandika kwa sababu watu wa rika langu wanapungua, na vijana wanadhani mambo yalikuwa hivi hivi siku zote.

Miti hiyo ina historia nzito. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wote tunamjua kama Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870. Misafara yake ya pembe na watumwa ikaja na mbegu. Daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyeingia mjini pamoja na jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis mwezi wa Aprili 1893, aliandika kwamba alikuta bustani zimestawi kila upande: machungwa, mapera, makomamanga, mananasi, maembe, ndizi. Hakusema ni mikono ya nani iliyochimba mashimo. Bibi yangu mzaa baba, Mubangubangu wa Kabambare, alilisema hilo kila msimu wa maembe. "Kula, mjukuu wangu," alikuwa akiniambia, "lakini usimsahau aliyeupanda mwembe huu akiwa na kamba shingoni." Na mimi sijamsahau.

Wabelgiji nao walileta kazi yao ya pamoja: pamba ya lazima. Sheria ilitoka mwaka 1917, na eneo letu la Maniema lilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kuionja. Baba alikumbuka kapita, yule msimamizi wa shamba, na fimbo yake. Basi mtu wa kwetu akiitwa leo kufanya kazi ya jumuiya akasitasita, msimwite mvivu. Mwili wake unakumbuka mambo ambayo yeye mwenyewe hakuyaona.

Nilipoanza shule nchi ilikuwa Zaire, na kazi ya pamoja ilikuwa ni salongo. Jumamosi wakubwa kwa wadogo tulitoka na kupekupe za kufyekea, majembe na mafagio. Tulifyeka majani kandokando ya barabara, tukazibua mitaro, tukafagia majani makavu ya miembe yaliyokuwa yakianguka hata kabla hatujamaliza. Sikukuu ya chama tawala, Mei 20, ilipokaribia, tulipaka mashina chokaa nyeupe hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kisha zikafuata nyimbo za chama, akina mama kwa vitenge vya sare, sisi watoto nyuma yao tukipiga makofi. Jina la kila mmoja lilikuwa kwenye orodha, na asiyefika alitozwa faini. Tuliambiwa tunajitolea, na mji ulikuwa safi kweli. Lakini siku serikali ilipochoka kuhesabu majina, majani yalirudi mpaka mlangoni.

Chini ya miti ile ile kulikuwa na mikutano ya namna nyingine. Mwaka 1971 ulianza mradi wa afya wa Kasongo, kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, na wauguzi walikuja mitaani kuzungumza na akina mama. Nakumbuka mmoja akikaa juu ya mzizi, daftari magotini, akingoja kwanza waimbe wamalize. Hakupiga hotuba. Aliuliza: mtoto wa nani alishikwa na surua mwaka huu? Yuko wapi sasa? Wanawake walijibu mmoja mmoja, na wakati mwingine jibu lilikuwa kilio, naye alifunga daftari akasubiri. Baadaye ndipo alipoeleza chanjo. Matokeo ya chanjo hiyo ya Kasongo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981 na kusomwa na madaktari wa dunia nzima. Sisi tulichojua ni kwamba makaburi madogo yalipungua.

Halafu Maulidi. Siku tatu kabla, vijana wa mtaa walifagia uwanja ule ule tuliofagia wakati wa salongo, majani yale yale, bila orodha wala faini. Mikeka ikatandikwa, karabai zikatundikwa kwenye matawi, na usiku kucha zikasomwa kasida kwa dufu, wali wa Maniema ukichemka kwenye masufuria nyuma ya nyumba. Familia yetu ilikuwa ya Kikatoliki, lakini mama alipeleka mchele na mawese, na Krismasi ilipofika majirani Waislamu walikuja kusikiliza kwaya yetu. Hapo nilielewa tofauti ambayo hakuna mkuu wa wilaya aliyeweza kunieleza: watu hufanya kazi kwa moyo mahali wanapojiona wenyeji.

Vita vya 1996 hadi 2003 vilivunja yote hayo. Watu wakikusanyika walivutia wenye silaha, kwa hiyo hatukukusanyika. Kwaya ilifanya mazoezi kwa sauti ya chini. Miembe mingine ilikatwa kuwa makaa, na siwalaumu waliokata, maana hawakuweza kwenda msituni kutafuta kuni. Kabambare ilionja zaidi, na hata vita vilipotulia, dhahabu ya Salamabila iliwavuta vijana kutoka mashambani na kuwaweka katikati ya bunduki nyingine.

Leo uwanja umerudi kwa namna yake. Tamasha hutangazwa kwa simu na redio, kuna kinanda cha umeme na jenereta, watu hukaa kwenye viti vya plastiki. Vijana wa parokia na wa madrasa hupanda miche bila kapita, wakichangishana fedha za maji. Hilo ni jema kuliko lolote tuliloimba wakati wa chama. Kilichopungua ni mazungumzo. Zamani wazee walikaa nasi baada ya kazi wakataja mti na matumizi yake: mvule huu usiukate ovyo, gome hili ni la tumbo, majani haya ni ya homa. Sasa kazi ikiisha kila mtu hushika simu yake na kuondoka.

Nilipokwenda Kinshasa nilitembelea bustani ya mimea iliyofunguliwa upya mwaka 2010. Wanafunzi walikuwa wakizungushwa humo, wakisimama mbele ya kila mti wenye kibao na kusoma jina lake kwa sauti. Niliwaonea wivu kwa ajili ya watoto wa Kasongo. Maana mimea hatukukosa. Mwaka 2014 mtaalamu Miguel Leal alichapisha maelezo ya mmea ambao sayansi ilikuwa haijausajili, unaoota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli katika hifadhi ya Luama, upande wa Katanga, si mbali na Kabambare. Umepewa jina la Dorstenia luamensis. Mto wetu Luama uko katika vitabu vya dunia, na watoto wanaooga ndani yake hawana habari.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kasongo na Kabambare, maparoko, mashehe na wakuu wa mitaa: msingojee geti la bustani wala mfadhili. Waiteni wazee wanaojua miti wakati bado wako nasi. Waketi chini ya miembe, wataje majina kwa Kiswahili, Kikusu na Kibangubangu, na mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike kwenye ubao na kuufunga kwenye shina, kwa kamba, si kwa msumari.