Kamera ya filamu: usitazame kung'aa, tazama krenki!

Mpenzi msomaji, leo naomba nianze na aibu yangu mwenyewe kabla hujaisikia kijiweni. Niliingizwa mjini. Tena mimi, mtoto wa Babati niliyehamia Arusha na kujiona mjanja, mtu anayewashauri wenzake gazetini!

Ilikuwa hivi. Mwaka jana niliona kamera ya filamu inauzwa mtandaoni. Nyeusi na fedha, jina kubwa la Kijapani, mkanda wa ngozi, inang'aa kama jino la dhahabu. Bei shilingi 180,000. Si unajua tena, siku hizi vijana wamerudi kwenye filamu kwa kasi, mpaka kampuni ya Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya filamu mwaka 2024, wakati Kodak yenyewe ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Nami nikasema sibaki nyuma. Nikatuma mshiko, mzigo ukaja kwa basi ndani ya boksi la viatu. Nikajiona nimeula.

Wikiendi ileile nikateremka Bonga, nje kidogo ya mji wa Babati, barabara ya Dodoma, kwa bibi yangu mzaa mama.

Sasa bibi na simu walikuwa hawaivi. Ukimwelekezea simu anajifunika uso na khanga. "Toa hicho kidude chako!" Kwake picha ilikuwa moja tu, ile ya ukutani, ya rangi nyeusi na nyeupe, yeye na babu wamekaa wima studio kama wanakula kiapo. Lakini siku ile alipoona kamera ya kweli, jamani, aliinuka mwenyewe. Akavaa gauni la kanisani, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye stuli nje ya mlango. Nikampiga picha 36, filamu nzima. Kwenye nne au tano alicheka.

Miezi miwili baadaye bibi akafariki.

Filamu ilikuwa bado mfukoni mwangu, namsubiri mshikaji wa kuipeleka Nairobi kusafishwa. Iliporudi niliinyanyua juani. Ilikuwa tupu mwanzo hadi mwisho, inapitisha mwanga kama nailoni. Hakuna bibi, hakuna stuli, hakuna hata kivuli cha mlango. Mama aliitazama, akanirudishia, hakusema neno. Afadhali angenigombeza.

SAFARI YA KUTAFUTA JIBU

Ndiyo maana mwezi uliopita nilipanda basi Arusha alfajiri, kamera yangu kwenye begi, kwenda kumtafuta mzee mmoja aliyekuwa mpiga picha Babati enzi za filamu. Jina lake naliweka kapuni kwa sababu hapendi makuu.

Kama hujawahi kwenda Babati, una hasara. Unapita njiapanda ya Makuyuni, watalii wanakata kulia kwenda Ngorongoro, wewe unanyoosha. Minjingu unaona kiwanda cha mbolea ya fosfeti, Magugu unaona mashamba ya mpunga yamelala kijani, halafu barabara inaanza kupanda na hewa inabadilika. Mara mlima Kwaraa huo, umeegemea mji kama baba aliyeegemea mlango. Tangu Manyara ilipokatwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati kuwa makao makuu ya mkoa, mji umetanuka, lakini ukishuka stendi bado unasikia Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi na Kiswahili kwenye benchi moja la chai.

Nilizunguka kwanza mjini kuulizia filamu. Studio zipo, lakini ni za kompyuta: pasipoti saizi, picha za harusi, lamination. Kijana mmoja alipoiona filamu yangu akauliza, "Bro, hii inaingia kwenye USB?" Nikacheka, lakini moyoni niliona kazi ipo.

Mzee nilimkuta nyumbani kwake, anamenya mahindi. "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu, karibu." Nikatoa kamera, nikamweleza yote mpaka ya bibi. Hakuitazama kamera. Alinitazama mimi.

"Ulipokuwa unavuta filamu, krenki ilizunguka?"

"Krenki ipi babu?"

Akatikisa kichwa. Akanionyesha kile kitufe cha juu upande wa kushoto, chenye mkono mdogo wa kurudishia filamu ikiisha. Akasema: filamu ikiwa imeshika, kila unapovuta mkono wa kulia, krenki ya kushoto nayo lazima izunguke, maana filamu inatoka ndani ya kopo lake. Krenki ikitulia, filamu imetulia. Wewe unapiga hewa.

Kisha akafungua mgongo wa kamera, akachukua kipande cha filamu mbovu, akakipachika na kuvuta. Namba zikahesabu, moja, mbili, tatu. Mlio ukalia vizuri, kacha! Lakini kile kigurudumu cha kukunjia filamu kilikuwa kinateleza, kimechakaa ndani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti!

"Aliyekuuzia ungemwambia muijaribu na filamu mbovu kabla ya kulipa, ingechukua dakika mbili," mzee akasema. Dakika mbili, msomaji wangu. Bibi yangu nilimpoteza mara ya pili kwa dakika mbili.

KAMERA TATU MEZANI

Mzee akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Humo mlikuwa na kamera tatu, na bahasha za negativu zimeandikwa miaka kwa kalamu. Akaniinulia moja dhidi ya mwanga: mafuriko ya mwaka 1990, Ziwa Babati lilipofurika na kuingia mjini. Watu wanavuka maji, vitu kichwani. Miaka zaidi ya 30, na bado unahesabu vidole vya mtu. Simu zangu mimi zimekufa tatu, na picha zake zimekufa nazo.

"Haya, chagua," akaniambia. "Usiniulize ipi nzuri. Iulize kamera."

Ya kwanza ilikuwa Zenit ya Kirusi, nzito kama tofali. Zenit za aina ile hazihitaji betri kabisa, kwa hiyo nikadhani nimeshapata. Mzee akaniambia niwashe tochi ya simu na nichungulie ndani ya lenzi. Lahaula! Kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Ni kuvu. Lenzi ikikaa miaka ndani ya mfuko wa ngozi wenye unyevu, kuvu huota juu ya kioo, na ukifuta kwa nje husaidii kitu. "Kosa langu mimi niliyeihifadhi vibaya," akasema.

Ya pili Yashica MF-2, ndogo, ina flashi yake hapohapo. Hii ndiyo iliyomlisha mzee kwenye harusi na ubatizo, maana unaelekeza tu na kubonyeza. Tukafungua sehemu ya betri. Kulikuwa na unga wa kijani kwenye vyuma, betri zilisahauliwa humo zikavuja. Flashi haikuwaka.

Ya tatu Pentax K1000. Haina mbwembwe, rangi imechubuka kwenye kona mpaka shaba inaonekana. Zilitengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, na wanafunzi wengi duniani wamejifunzia upigaji picha kwa hiyo. Betri yake ni ile ya kidonge wanayouza mafundi saa, tena ni ya kipima mwanga tu. Betri ikifa, kamera bado inapiga. Ilinganishe na Canon AE-1 ambayo vijana wanaililia kwa sura yake: bila betri hiyo haipigi hata picha moja, na betri yake si ya kuokota kila duka.

Nikaihoji kama nilivyofundishwa. Lenzi kwa tochi: safi. Mgongo ukiwa wazi, nikabonyeza kwa kasi ya sekunde 1, kisha 60, kisha 1000, natazama kile kipazia cha ndani kikifunguka: sekunde inakawia, elfu moja inapita kama kope. Sponji za mlangoni zinazozuia mwanga zilikuwa zimegeuka lami, zinanata kidoleni, lakini hiyo si kesi, unakata mpya na kubandika. Kipande cha filamu mbovu kikapachikwa. Nikavuta.

Krenki ikazunguka.

Mzee aliniuzia shilingi 100,000 na ushauri juu: jua la Babati likiwa kali, filamu ya 200, weka tundu la lenzi 16 na kasi 250, wala huhitaji kipimo. Akaniambia pia kwamba mpiga picha mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki, Mohamed Amin, aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alianza utotoni na kamera kuukuu ya Box Brownie. "Hakuanza na inayong'aa," akamaliza, akarudi kwenye mahindi yake.

ZIWANI, NA STULI

Jioni nilikwenda Ziwa Babati kuijaribu. Jua linashuka, mitumbwi inarudi na perege, na kule kwenye matete viboko wanapumua kama wazee wanaokoroma. Ungekuwa na simu ungeshapiga picha 50. Mimi nilipiga mbili. Ukijua una 36 tu, na bei ya filamu ni bajeti yako ya wiki, unatazama kwanza. Nilimwona mvuvi anayekung'uta wavu, nikamwomba ruhusa, nikasubiri mpaka akasahau kuwa nipo.

Kesho yake nikaenda Bonga. Mama alikuwa ameshika funguo za nyumba ya bibi. Nikaitoa stuli, nikaiweka palepale nje ya mlango. Mama akaniangalia sana. Kisha akaketi, akanyoosha khanga.

"Leo krenki inazunguka?" akauliza.

Nilikuwa nimemsimulia kumbe alisikia. Nikavuta, nikamwonyesha. Ikazunguka. Akacheka, nami nikabonyeza hapohapo.

Filamu imerudi wiki hii kutoka Nairobi. Mvuvi katoka mweusi, nilikosea mwanga. Picha kumi hivi zimetingishika. Lakini mama yupo, kwenye stuli ya mamaye, na kicheko ni kilekile. Nimesafisha nakala mbili, moja imetundikwa ukutani Bonga, kando ya ile ya bibi na babu.

Basi wewe unayetaka kamera ya filamu, kabla hujatoa mshiko: tochi kwenye lenzi, jicho kwenye sehemu ya betri, kasi moja baada ya nyingine mgongo ukiwa wazi, na mwisho filamu mbovu na krenki. Muuzaji akikataa, mwachie na kung'aa kwake. Na kama una bibi, mpige picha leoleo, hata kwa hicho kidude, akikubali.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.