Nilizima Sauti ya Kamera

Nilizima sauti ya kamera. Hakuna aliyeniagiza nizime, na kamera haikuwa na hitilafu yoyote. Niliingia kwenye menyu mwenyewe, nikashuka hadi sehemu ya sauti, nikachagua kuzima, nikaendelea na kazi.

Ilikuwa jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazazi wangu, nyumbani Kifanya, mwezi wa Julai. Anayezijua nyanda hizi za Njombe anaujua mwezi huo: asubuhi ukungu, mchana jua lisilo na nguvu, na jioni baridi inayomfanya mzee avae koti juu ya koti. Ndugu walitoka Makambako, Iringa, Songea na Dar es Salaam. Asubuhi tulikwenda Misa, mchana tukala chini ya turubai, na jioni keki ilipokwisha kukatwa, mshereheshaji akampa baba maiki aseme neno. Alisema kwa dakika 11, nusu Kiswahili, nusu Kibena. Baba ni mtu anayeweza kukaa nawe shambani kutwa nzima mkachimba viazi, na maneno aliyosema ukayahesabu kwa vidole. Dakika 11 kwake ni nyingi. Sote tulijua hatutazisikia tena.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Napiga video za harusi, kipaimara na sherehe za kuaga binti, na ofisi yangu ni chumba kimoja Makambako, karibu na njia panda inayotenganisha malori ya Tunduma na ya Songea. Mteja anayenilipa namfanyia hivi: kinasa sauti nakiunganisha na miksa ya fundi mitambo ili nipate sauti safi, sauti ya kamera naiacha iwake hata kama ni mbaya, na kabla shughuli haijaanza nasimama mbele ya lenzi na kupiga kofi moja. Kofi hilo ndilo linalorahisisha kazi. Kwenye kompyuta natafuta fremu ambayo viganja vimekutana, natafuta mahali ambapo wimbi la sauti limeruka ghafla, naviweka pamoja, basi. Sisi mafundi tunasema kusinki. Nikisahau kofi, bado nina sauti mbaya ya kamera. Programu inailinganisha na sauti safi ya kinasa, inatambua kwamba ni maneno yaleyale, na inazipanga yenyewe. Ile sauti mbaya mteja haisikii kamwe. Ni kigingi tu, lakini ndicho kinachoshikilia hema.

Nyumbani kwetu sikufanya hayo. Kinasa nilikiunganisha na miksa, nikaishia hapo.

Sababu nilikuwa nazo. Umeme siku hiyo ulikuwa unakwenda na kurudi, kwa hiyo jenereta ilinguruma nyuma ya jiko tangu saa nne, na miezi michache kabla mteja mmoja alikuwa amenilalamikia kwa mngurumo kama huo. Nikajiambia sauti ya kamera siku hii itakuwa takataka, ya nini kuibeba? Nikajiambia pia kwamba nikiizima nitaokoa nafasi kwenye memori. Hilo halikuwa kweli, na ningekaa dakika moja nikapiga hesabu ningeliona: kamera yangu inajaza takriban GB 4 kwa dakika 12, yaani zaidi ya MB 300 kwa dakika, wakati sauti isiyobanwa haifiki hata MB 12 kwa dakika. Niliokoa kama sehemu moja ya thelathini. Kuhusu kofi, niliona aibu. Mzee amesimama, wajomba na mashangazi wamenyamaza kumsikiliza, halafu mimi mtoto wake nikatize mbele yake nikipiga makofi hewani? Na hapa pia nilisahau nilichokijua. Kofi laweza kupigwa mwishoni, mzee akishakaa. Watu wa filamu hufanya hivyo kila siku, hukigeuza kile kibao chao cha kupigia kofi juu chini kuonyesha kwamba ni kofi la mwisho.

Lakini sababu hizo zote zilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa neno moja: ni ya nyumbani. Nilisema watu wa nyumbani hawataona.

Sikulitoa hewani wazo hilo. Wengi wetu tulikulia kwenye vibanda vya video, tukitazama filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani huku sauti ya mtafsiri ikisimulia kwa Kiswahili juu yake. Lufufu alijipatia jina nchi nzima kwa kazi hiyo. Mdomo wa mtu kwenye kioo ulisema lake, sauti ikasema lake, na sisi tukacheka na kulia mahali palepale palipotakiwa. Leo tamthilia za Kituruki zinaingia sebuleni zikiwa na sauti za Kiswahili, na mama zetu wanazifuatilia jioni hadi jioni. Nikahitimisha kwamba sisi hatutazami midomo. Sikufikiri kwamba mdomo wa mwigizaji wa Istanbul hakuna anayeujua hapa kwetu, ila mdomo wa baba yupo anayeujua kwa miaka 50.

Hotuba ilipoanza, kamera ilikuwa kwenye stendi mita nne kutoka meza ya wazazi. Niliwasha, nikahakikisha wote wawili wamo kwenye picha, nikaiacha nikaenda kusaidia kugawa soda kwa wakwe. Hilo nalo ni kosa, ingawa kila mtoto wa nyumba anayepiga picha sherehe ya kwao atalielewa. Unakuwa fundi na mwenyeji kwa wakati mmoja, na fundi ndiye anayeshindwa.

Wiki mbili baadaye nilikaa Makambako usiku kuhariri. Picha haikuwa na sauti yoyote, kwa hiyo ilinibidi kusinki kwa macho, na mkono wa baba ulioshika maiki ulikuwa umeziba midomo yake. Nikaona kitu kingine. Jioni ilikuwa ya baridi, taa ya jenereta ilimpiga ubavuni, na pumzi yake ilikuwa inatoka kama moshi. Nikaipanga sauti yake ianze pale moshi wa kwanza unapotoka. Nilijipongeza kwa ujanja huo. Sikukumbuka kwamba mzee hushusha pumzi kwanza, ndipo aseme.

Halafu, katikati ya sauti ya kinasa, nikakuta mahali ambapo wimbi limelala kabisa. Sekunde 40 za mstari ulionyooka. Nikadhani mzee alinyamaza kutafuta neno, au waya wa maiki ulilegea. Nikazikata. Sikuitazama picha ya mahali hapo. Nilikuwa natazama wimbi tu, kama mtu anayesoma bei bila kuitazama bidhaa. Sauti iliyobaki ikasogea nyuma kujaza pengo, na mwishoni nikabakiwa na sekunde 40 za picha zisizo na sauti. Ningeshtuka hapo. Badala yake nikaweka wimbo wa kwaya juu yake, nikaona umependeza, nikanakili kwenye flashi 12 kwa ajili ya ndugu.

Tatizo la kukata upande mmoja, picha au sauti, ni la zamani. Filamu ya The Jazz Singer ya mwaka 1927 ilikuwa na sauti iliyohifadhiwa kwenye sahani za santuri, kando na mkanda wa picha. Mkanda ukichanika na fundi akakata kipande na kuunga, picha ilitangulia na sauti ikabaki nyuma. Kwa hiyo mafundi walilazimika kujaza fremu nyeusi kwa idadi ileile ya zilizotoka. Ukikata upande mmoja, lazima uulipe upande wa pili. Nililijua hilo kabla sijashika kamera ya kwangu mwenyewe.

Video ya jubilei tuliitazama Kifanya siku ya Jumapili, sebule imejaa. Watu walifurahi. Wajukuu walicheka walipojiona, dada alifuta machozi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na televisheni. Masikio yake yamepungua kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Anasikia sauti kama kitu kilicho nje ya nyumba, na maneno anayachukua mdomoni mwa mtu. Ukizungumza naye ukiwa umegeuka, anakusubiri ugeuke.

Baba alipoanza kusema, mama alisogea mbele. Akatazama kwa muda. Akasema, "Mdomo unachelewa." Hakuna aliyemjibu. Mimi nilidhani anazungumzia televisheni.

Tukafika mahali ambapo baba anamgeukia. Anashusha maiki, anainama kidogo upande wake. Mama akamgusa dada: "Hapa wanasikia anasema nini?" Dada akamwambia kwa sauti kubwa kwamba baba anasema miti ya bondeni isivunwe kabla haijakomaa, na shamba la parachichi lisigawanywe.

Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Miti ilikuja baadaye. Hapa alikuwa ananiambia mimi."

Nililiona lote papo hapo, kabla hajamaliza sentensi. Sekunde 40. Maiki ilikuwa imeshuka kiunoni, kwa hiyo miksa haikupata kitu, kwa hiyo kinasa kikaandika mstari ulionyooka. Baba hakunyamaza. Alikuwa anazungumza na mke wake kwa sauti yake ya kawaida, mita nne kutoka kwenye kamera yenye maiki yake juu, na maiki hiyo niliizima mimi. Ingewashwa, maneno hayo yangekuwepo, chini ya mngurumo wa jenereta, lakini yangekuwepo. Programu za siku hizi zinaweza kuupunguza mngurumo. Kisichorekodiwa haziwezi kukifanya kitu.

Niliwaambia palepale. Nilisema nimekosea, nikaeleza nilivyokosea. Kaka yangu mkubwa aliuliza kama yanaweza kurudi, nikasema hapana. Baba alisema, "Ilikuwa siku njema," akatoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Gharama yake ni hii. Flashi 12 zilikuwa zimeshatoka, nimerudishiwa saba. Dada mwingine alikwisha kukata kipande cha hotuba na kukituma kwenye kundi la ukoo, na kutoka hapo kimekwenda nisikokujua. Kuna ndugu watakaoamini siku zote kwamba baba, akimtazama mkewe siku ya jubilei, alikuwa anazungumzia miti. Nilikataa harusi mbili ili nirudie kazi yote. Vipande vya Misa vilivyokuwa na nyimbo vilinishinda kusinki, nimeviacha na muziki tu juu yake.

Hotuba niliirekebisha na mama. Nilibeba kompyuta hadi Kifanya, nikamketisha mbele yake, nikamchezea picha pole pole bila sauti yoyote. Mkono na maiki vilivyoniziba mimi havikumziba yeye, kwa sababu hakutazama midomo peke yake. Alitazama taya, shavu, na namna koo linavyopanda. Akaweka kidole kwenye kioo: "Hapa anasema Kamwene." Baba alianza kwa salamu hiyo na watu wote wakaitikia. Herufi m hufunga midomo, kama b na p, na mahali inapofunguka ndipo wimbi la sauti linapoinuka. Nikasogeza sauti hadi pale alipoweka kidole. Nilikuwa nimeitanguliza kwa fremu nane, yaani karibu theluthi ya sekunde.

Viwango vya kimataifa vya utangazaji vinasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 tu, lakini ikichelewa hagundui hadi kama 125. Ukikaa Kifanya hilo halikushangazi. Mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, unaona shoka limeshuka, ndipo unasikia. Macho yamezoea kusubiri masikio. Sauti inayokuja kabla ya shoka haipo duniani, na hiyo ndiyo niliyompa mama yangu aitazame.

Kisha nikarudisha zile sekunde 40 mahali pake, na miti ikarudi kwenye miti. Tulipofika hapo mama alitazama picha ya baba akimwinamia, kimya, mpaka mwisho. Sikumwuliza alichoambiwa. Flashi mpya zina ukimya sehemu hiyo, sikuweka kwaya.

Nawe siku moja utawarekodi wazazi wako, kwa kamera au kwa simu tu. Utakuwa na haraka, jenereta itakuwa inanguruma, na utakuwa na kinasa kizuri pembeni kinachokufanya uone sauti nyingine haina kazi. Iache iwake.

Baada ya wiki chache nilimwomba baba aseme tena maneno yale, nirekodi, niyaweke mahali pake. Alifikiri kidogo, akasema alishayasema.