Mla Gesi

Kuna neno ambalo mtu hulisema kwa dakika moja, kisha akalibeba kwa miaka 40. Mimi ninalo la kwangu, na nimeona heri niliandike humu kabla halijanifuata kaburini.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari hapa Tanzania. Siku hiyo nilifundisha habari za methani, gesi ambayo kila molekuli yake ni kaboni moja iliyoshikana na haidrojeni nne. Niliwaambia wanafunzi kuwa gesi hii ina uvivu: haijali asidi wala alkali, na ukitaka ifanye kazi, itie moto. Kijana mmoja, mtoto wa wakulima wa mpunga, akanyosha mkono.

"Mwalimu, kwetu tukikanyaga tope la majaruba, mapovu hutoka. Umesema hiyo ndiyo methani. Sasa tangu dunia iumbwe inatoka tu? Hakuna kinachoila?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri hivyo, nikasema, "Labda uile wewe." Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo kijana yule akaitwa Mla Gesi, na hakunyosha mkono tena katika somo langu mpaka alipomaliza shule.

Nilikwisha kustaafu mjukuu wangu, anayesoma chuo kikuu, alipokuja likizo na makaratasi yake. Tukiwa tunazungumza akasema, "Babu, siku hizi kuna bakteria wanaofundishwa kutengeneza kemikali kutokana na methani. Chakula chao ni gesi hiyo hiyo." Nilimwomba anisomee tangu mwanzo.

Ndipo nilipofahamu kwamba mwaka 1906, huko Delft, Uholanzi, mwanasayansi Söhngen alikwisha kuwaonyesha bakteria wanaoishi kwa kula methani. Ilikuwa miaka 77 kabla ya somo langu! Tena wanaishi mle mle majarubani, karibu na mizizi ya mpunga, mahali gesi inayopanda kutoka topeni inapokutana na oksijeni. Sehemu kubwa ya gesi huliwa kabla haijafika hewani. Na ni bahati yetu, kwa sababu katika muda wa miaka 100 tani moja ya methani huipasha dunia joto mara 28 hivi kuliko tani moja ya kaboni dioksaidi.

Kilichonishangaza zaidi ni namna wanavyokula. Kiwandani, ili kuigeuza methani kuwa methanoli, watu huichanganya na mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 800 za Sentigredi, kisha huisukuma kwa kanieneo kubwa. Bakteria ana kimeng'enya chenye madini ya shaba, na kwa hicho huitia methani oksijeni, ikawa methanoli pasipo moto wowote. Mmoja wao, aliyepewa jina la mji wa Bath huko Uingereza, hustawi kwenye nyuzi 45 tu. Methanoli hiyo huibadilisha tena, nyingine akajijengea mwili, nyingine akaitumia kupata nguvu.

Wataalamu wanaingia hapo. Huchukua jeni la kiumbe kingine na kumpandikizia bakteria, ili sehemu ya chakula chake iwe kitu tunachokihitaji sisi. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa wamempa mmoja wao jeni la bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, naye akatoa asidi ile ile ya maziwa ya mgando. Asidi hiyo hutengenezewa plastiki inayoweza kuoza. Hata hivyo, walichopata hakikufika gramu moja katika lita moja. Methani huyeyuka kwa shida katika maji, na ikichanganyika na hewa kwa kiasi fulani hulipuka. Tena bakteria hutumia nguvu nyingi katika hatua ile ya kwanza, hivyo ukimnyang'anya chakula kingi mno hudhoofika, kama ng'ombe anayekamuliwa bila kulishwa.

Kwa hiyo sisemi kwamba viumbe hawa watatuokoa. Kazi bado ni ndefu, na gesi inayovuja visimani na majalalani ni nyingi. Lakini nimeona kuwa kazi yote hiyo ilianza kwa mtu kuuliza swali lile lile la mwanafunzi wangu: hakuna kinachoila? Tofauti ni kwamba Söhngen hakuchekwa, au kama alichekwa hakunyamaza. Mwanafunzi wangu alinyamaza, na aliyemnyamazisha ni mimi, niliyelipwa mshahara ili nimfanye aulize.

Mwaka jana nilipeleka salamu kwao. Niliambiwa yu hai, ana majaruba yake na watoto, na kwamba jina la Mla Gesi bado analo. Hata wajukuu wa jirani humwamkia kwa jina hilo, wala hawajui lilitoka wapi.

Mwanangu, kama kitabu hiki kitakufikia, jua kwamba swali lako lilikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyekuwa sijui. Niwie radhi.