Alivyokwama Kiswere na Simu Iliyojaa Manga

Kijana alikwenda Kiswere mwishoni mwa Aprili 2024 kwa siku tano tu, arobaini ya baba yake iishe, arudi Dar kazini. Zikawa zaidi ya wiki mbili. Kimbunga Hidaya kilipita Mei 4, mvua ikanyesha kama imetumwa, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika kule Somanga na magari yakapanga foleni kila upande wa maji. Kabla watu hawajapumua, Mei 12 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zikapata hitilafu nazo. Akawa na bando lakini mtandao hana.

Kilichomwokoa ni tabia yake ya siku nyingi. Anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya simu Kariakoo, na kila akitaka kusafiri hupakua manga kwa WiFi ya bosi mpaka simu inalia imejaa. (Kama ni halali au si halali, liachwe hapo. Anayejua duka la vitabu hapa nchini linalouza manga za kutosha na aseme.) Safari hii alikuwa na nne: One Piece, Vagabond, Vinland Saga na A Silent Voice. Zote kwa Kiingereza, na zote, kama manga yoyote, zinaanzia kulia.

Hilo la kuanzia kulia ndilo linalowasumbua wageni wa mambo haya Dar. Kiswere halikumsumbua mtu. Dada yake aliishika simu, akatazama mara moja, akasema, "Si kama juzuu tu?" Akaendelea. Aliyepita chuoni akiwa mdogo hana haja ya kufundishwa.

Ikumbukwe kwamba huyu dada ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma, tena kwa katuni. Marehemu baba alikuwa na matoleo ya zamani ya gazeti la Sani, yamekunjwa kwenye sanduku chini ya kitanda, na dada alikuwa akimsomea vituko vya Ndumilakuwili na Lodilofa huku akimwekea kidole kwenye neno. Yeye aliishia kidato cha pili, akaolewa. Kiingereza chake, kwa maneno yake mwenyewe, ni cha kuombea maji. Kwa hiyo ikawa kila usiku, simu ikishatolewa kwenye sola, kijana anakaa barazani na kutafsiri. Zamu zimegeuka.

Walianza na One Piece, kwa sababu ni habari za baharini na baba mdogo, mvuvi tangu utotoni, alikuwa amekaa palepale anashona nyavu. Kosa kubwa. Kazi ya Eiichiro Oda imeanza mwaka 1997, imepita vitabu 100 na haijaisha, na baba mdogo aliimaliza ndani ya dakika kumi. "Nahodha hajui kuogelea?" Akaelezwa kwamba Luffy alikula tunda la ajabu, ndiyo maana anazama. "Na wenzake wamepanda naye?" Wamepanda. "Na mbona hawavui? Wanakula nini?" Kuna mpishi. Mzee akarudi kwenye nyavu zake. Kijana alikuwa akiitetea One Piece kwa marafiki miaka yote, lakini usiku ule alikubali kimoyomoyo kwamba vitabu vingine katikati pale ni maji yameongezwa kwenye mchuzi. Bado anaipenda. Ila hamwambii tena mtu aanzie mwanzo.

Vagabond haikuchukua muda. Takehiko Inoue anachora kwa brashi, na kuna kurasa ambazo unaweza kuzitundika ukutani, lakini hadithi ya Musashi ilisimama mwaka 2015 kwenye kitabu cha 37 na mpaka leo haijaendelea. Dada alipoambiwa hivyo alisema hasomi kitu kisicho na mwisho, matatizo ya namna hiyo anayo ya kwake.

Vinland Saga ndiyo iliyombadilisha kijana mawazo. Makoto Yukimura anaanza na vita, visu, kijana Thorfinn anayetaka kumlipizia kisasi baba yake. Halafu vita vinakwisha, na Thorfinn anajikuta mtumwa kwenye shamba, kazi yake kukata miti na kung'oa visiki. Vitabu kadhaa ni shamba tu. Mashabiki wengi hulalamika kwamba hapo panachosha, na kijana alikuwa mmoja wao. Alipaachia njiani mara mbili akiwa Dar. Kiswere alipasoma mchana, huku mbele yake watu wanakagua ufuta ulioliwa na mvua, nani kapona, nani aanze upya. Hakuchoka hata ukurasa mmoja. Baba mdogo naye, aliyeikataa One Piece, alisogea kusikiliza habari za mtumwa anayehesabu miaka ya kujikomboa. Pwani hii utumwa hausomwi kama hadithi ya mbali. Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa ya watumwa karne ya 19, na ziko koo ambazo mpaka leo swali la babu alitoka wapi haliulizwi mbele za watu. Mzee hakutoa maoni. Aliuliza tu kama yule alitoka salama, akaambiwa alitoka, akasema alhamdulillahi.

Sasa A Silent Voice. Hii aliibakiza mwisho kwa sababu alijua ina nini.

Dada ana mtoto wa kiume wa miaka 9 ambaye ni kiziwi tangu kuzaliwa. Shule hajawahi kwenda. Chuoni mwalimu humwacha akae mkekani na wenzake, anafuatisha herufi kwa kijiti, basi. Nyumbani wanaelewana kwa ishara zao wenyewe. Na kijiji kizima kinamwita Bubu, akiwemo mjomba wake, ambaye kila akipiga simu kutoka Dar huuliza, "Bubu hajambo?" Hakuwa na ubaya. Ni jina tu, ndivyo alivyodhani.

Kitabu cha Yoshitoki Oima, kilichotoka kwa mfululizo mwaka 2013 hadi 2014, vitabu saba, kinahusu msichana kiziwi, Shoko, anayehamia darasa la sita kwenye shule ya kawaida. Ana daftari la kuwasiliana na wenzake. Mvulana mmoja, Shoya, anamfanya mchezo: anamkejeli, anamvua vifaa vya kusikia na kuvitupa, mpaka msichana anahamishwa. Miaka inapita, Shoya amejifunza lugha ya alama, anamtafuta amwombe radhi. Dunia nzima imelia na kitabu hiki. Kijana naye alilia mara ya kwanza, kwenye daladala.

Dada hakulia. Alianza kukasirika sura za mwanzo tu. "Kwa nini yeye ndiye anaomba samahani? Kavuliwa vifaa vyake, kaomba samahani. Kasukumwa, samahani." Kijana akajaribu kueleza kwamba ndivyo mwandishi alivyotaka tuumie. Dada akasema kitabu ni cha yule mvulana, si cha msichana, sisi tunapewa kujua moyo wa aliyekosea ukurasa hadi ukurasa, na aliyekosewa tunamuona kwa nje. Yapo maoni mengi mtandaoni juu ya A Silent Voice, marefu kwa marefu. Hili la mwanamke wa Kiswere aliyesikiliza kwa tafsiri ya usiku lina uzito kuliko mengi yao, na kijana hakuwa na jibu.

Halafu wakafika kwenye sura ya mama yake Shoko. Mama huyu tangu mwanzo anaonekana mkali, hacheki, anataka bintiye abaki shule ya kawaida hata kwa mateso. Pale ndipo inaelezwa kilichompata: mtoto alipojulikana hasikii, wakwe walimgeuzia kibao yeye, kwamba ni adhabu ya makosa ya zamani, na mume akaondoka. Kijana alitafsiri polepole, akatamani kuruka kurasa, akaogopa kuruka kwa sababu dada anaziona picha. Dada naye alirudishwa kwao na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Yaliyosemwa na wale wakwe hayajawahi kurudiwa nyumbani kwao.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Kumbe na Japani wapo." Akachukua simu, akairudia sura ile peke yake, kwa picha.

Mtoto alikuwa macho muda wote, amejibana ubavuni kwa mama. Siku mbili hizo alikuwa anafuata kidole cha mjomba, kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini, na asubuhi alikutwa na simu anasogeza kurasa mwenyewe. Alikuwa anacheka panapochekesha. Alipofika kwenye mikono ya Shoko inayozungumza, alisimama, akaigiza ishara moja kwa mikono yake, akamtazama mama yake kuona kama anajua maana. Mama hakujua. Mjomba hakujua.

Asubuhi hiyohiyo, bila kumwangalia mdogo wake, dada akasema, "Shoya wako afadhali. Yeye alikuwa mtoto." Akaenda kisimani. Kijana alihitaji muda kuelewa anaambiwa nini. Hajasema Bubu tangu hapo.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi ya kuacha jina. Kijana anakaa Gongo la Mboto, kila siku ya Mungu daladala inampitisha Buguruni, na Buguruni ipo shule ya msingi ya viziwi tangu mwaka 1974. Alikuwa anajua ipo, kama mtu anavyojua kipo kituo cha polisi. Alipoitaja, dada akauliza maswali ya mfululizo: atalala wapi, akiumwa usiku atamwambia nani, watoto wa mjini watamfanyaje. Hakusema ndiyo. Alisema, "Kaulize kwanza."

Barabara ilipopitika kijana aliondoka, akaiacha simu yake ya zamani kwa mtoto ikiwa na Vinland Saga yote aliyokuwa nayo. Jumatatu alishuka Buguruni badala ya kupitiliza, akachelewa kazini, akatoka na karatasi ya mambo ya kufuatilia.

Jioni aliipiga picha ile karatasi, akamtumia dada. Jibu lilikuja baada ya saa nzima, nalo lilikuwa picha: ukurasa wa daftari uliogawanywa visanduku sita kwa penseli, jahazi, mawimbi, watu watatu, mmoja ana kichwa kikubwa sana. Chini dada ameandika, "Anza kulia." Halafu ujumbe wa pili: baba mdogo kaliona jahazi, kasema hili, tofauti na lile la Wajapani, linaweza kwenda.