Uvundo Niliowasingizia Watoto

Watoto wa chuo cha Kurani hawakuwa na kosa. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ramadhani moja niliwaambia wazee wa msikiti wetu, hapa Tanga, kwamba uvundo uliotanda kwenye mazulia unaletwa na miguu ya watoto. Nikashauri wahamishiwe barazani. Wakahamishwa. Wakawa wanasomea nje, penye joto na vumbi la barabara, kwa sababu ya uvundo niliokuwa nikiupuliza mimi kila baada ya Alasiri.

Nilikuwa nimekabidhiwa usafi wa ndani, pamoja na mashine ya kufyonza vumbi iliyotolewa sadaka. Jioni tulifuturu mle mle: tende, uji, kaimati. Kilichomwagika nilikipitishia mashine papo hapo, kabla hakijakauka. Zulia la mlangoni, ambapo watu huingia na miguu ya maji kutoka kwenye udhu, nalo nililifyonza likiwa bichi. Mashine yetu ni ya vumbi kavu tu. Makombo mabichi yakaingia mfukoni, yakachanganyika na nywele na ngozi iliyopukutika miguuni mwetu sote, wakubwa kwa wadogo, yakaoza kwa joto letu la pwani. Mfuko wenyewe ulikuwa umejaa pomoni, nami sikuwahi kuubadilisha.

Sikuwa nimejiuliza hewa inayovutwa huenda wapi. Hupita mfukoni, ikapita kwenye chujio, kisha ikatoka nyuma kwa nguvu. Mfuko ukioza, anayesafisha anautawanya uozo safu kwa safu. Hata chujio bora la HEPA, ambalo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, haliizuii harufu, kwa kuwa harufu ni gesi. Mmarekani James Murray Spangler, mfagizi wa duka kubwa huko Ohio, aliumwa pumu, na vumbi la kazini lilimtesa. Akajiundia mashine ya kufyonza vumbi, akaifungia foronya ya mto iwe mfuko, na mwaka 1908 akapata hataza. Mtu yule alijua kwa kifua chake kwamba hewa inayotoka ndiyo ya kuchungwa. Mimi niliangalia zulia tu.

Badala ya kuifungua mashine, nilinyunyiza marashi. Yaliposhindwa, nikamwaga magadi ya kuokea mikate kwenye mazulia na kuyafyonza. Unga ule laini ukaziba mfuko na chujio, mvuto ukapungua, mota ikapata moto, na juu ya uvundo ikaja harufu ya kuungua.

Lakini kosa linaloniuma si hilo la mashine. Watoto walipokwisha kutoka, harufu ilibaki. Hapo ningepaswa kusimama na kusema nimekosea. Nilisema imeshazama kwenye nyuzi. Nilikuwa nimesema mbele za watu, na nilijali heshima yangu kuliko haki ya watoto ambao hawakuwa na wa kuwasemea.

Mashine ilipozimika nikaipeleka kwa fundi. Alipoufungua ule mfuko, tulirudi nyuma sote wawili. Ukungu ulikuwa umetambaa hadi kwenye chujio, na kokwa ya tende imekwama kwenye kona ya mpira. Tuliutupa mfuko, tukaifuta mashine kwa ndani kwa kitambaa chenye siki na maji, tukakata nywele zilizojisokota kwenye brashi. Chujio la sifongo aliliosha kwa maji matupu, akanisisitiza nisilirudishe hadi likauke kabisa, siku nzima kwa uchache, la sivyo uvundo utaanza upya. Siku hizi sifyonzi kitu kibichi. Nakausha kwa kitambaa kwanza. Mfuko naubadilisha ukipita nusu, wala siungoji ujae.

Baada ya Isha nilimwomba imamu ruhusa, nikasema yote haya mbele ya maamuma, na watoto wenyewe wakiwepo. Walirudishwa ndani kesho yake. Mmoja hakurudi. Nilikwenda kwao, mama yake alinikaribisha vizuri, akaniambia mwanawe sasa anasoma chuo cha mtaa wa pili, kwa kuwa wenzake walikuwa wakimwita mnuka miguu. Nikawaomba radhi yeye na mtoto. Mama alinisamehe. Mtoto alinyamaza, nami sikumlazimisha anijibu.