Bei ya Siku Moja na Bei ya Miaka Mingi

Wahenga walisema: "Usione vyaelea, vyaundwa." Sisi tunaokaa kando ya mto mkubwa twaelewa neno hili upesi. Mtu anayetaka kuvuka kutoka Alunguli kuja Kasuku hatazami rangi ya mtumbwi. Atazama kama una ufa, kama maji yaingia, kama nahodha wake anaujua mto. Lakini mtu huyo huyo akienda kununua kompyuta ya kubebeka, ambayo hapa Kindu twaiita mashini tu, atazama jinsi inavyong'aa, auliza bei, basi amekwisha. Leo nataka tuzungumze juu ya jambo hili, kwa maana fedha nyingi za watu maskini zinapotea humo.

Mwaka huu halmashauri ya parokia yetu ilitaka kununua mashini ya kuandikia orodha za ubatizo na za ndoa, majina ya wakatekumeni, na barua. Fedha zilikuwa dola 300. Zilitoka katika jumuiya ndogo ndogo: mama anayeuza mafuta ya mawese alileta franga zake, mwendesha pikipiki alileta zake, mzee asiye na kazi alileta kuku. Kwa miezi mingi zilikusanywa hivyo. Fedha za namna hii haziruhusu mchezo.

Katika mkutano mtunza fedha alisema: "Tununue mashini mpya ya dola 280, nimeiona dukani. Kipya ni kipya." Kijana mmoja akasema: "Hapana, tungoje, tukusanye hata dola 1,200, tununue ile nzuri kabisa, tusinunue tena." Waliponiuliza mimi, nilisema tutafute mashini ya ofisi iliyokwisha kutumika, lakini iliyoundwa kwa nguvu. Hapo mzee mmoja alisimama akasema: "Mwalimu, wataka tununue masalio ya Ulaya? Nguo zao kuukuu tunavaa, magari yao kuukuu tunapanda. Mpaka lini?" Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Swali lake lilistahili jibu, nami nitalijibu hapa chini. Kwanza tutazame mashini zenyewe.

Mashini ya bei ndogo

Nimeona wanafunzi wengi wa vyuo hapa mjini wakiwa na mashini za namna hii, na magonjwa yake yanafanana. Ugonjwa wa kwanza ni bawaba, yaani kile kiungo kinachoshika kioo na kibodi pamoja. Bawaba yenyewe ni ya chuma, lakini skrubu zake mara nyingi zimekazwa katika plastiki nyembamba. Kila siku mtu hufungua na kufunga. Chuma hakilegei, plastiki huchoka. Siku moja plastiki inapasuka, pembe ya mashini inafunuka kama mdomo wa samaki, na waya unaopeleka picha katika kioo unakatika.

Ugonjwa wa pili ni tundu la chaja. Mara nyingi limelehemiwa moja kwa moja juu ya ubao mkuu wa ndani. Mtoto akijikwaa katika waya mara tatu au nne, tundu linalegea, na fundi hana budi kufungua mashini nzima kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya mahindi.

Ugonjwa wa tatu ni ufinyu. Nyingi zina gigabaiti 4 za kumbukumbu ya kazi na 64 za kuwekea vitu, nazo zote zimelehemiwa ubaoni, wala haziwezi kuongezwa. Sasa, Windows 11 yenyewe yadai angalau gigabaiti 4 na 64. Maana yake mashini hiyo yaanza kazi ikiwa imekwisha kufika mpakani. Haina mahali pa kukua.

Namjua mama mmoja wa mtaa wetu aliyeuza mbuzi wawili na magunia ya mchele ili mwanawe apate mashini mpya ya kuandikia kazi yake ya mwisho wa masomo. Katika mwezi wa nane bawaba ilipasuka, kisha kioo kikawa cheusi. Fundi alitafuta kipuri asikipate. Kijana alimaliza kazi yake katika kibanda cha kuchapishia, akilipa kila ukurasa. Mama yake aliniambia: "Mwalimu, mbuzi akifa, naona ugonjwa wake. Mashini hii imekufa kwa ugonjwa gani?" Nilimwonyesha ile plastiki iliyopasuka. Aliishika mkononi kitambo kirefu, asiseme neno.

Mashini ya bei kubwa

Tusiwe watu wa kusema kwamba kila kitu cha matajiri ni majivuno. Katika mashini za bei kubwa kuna kazi nzuri ya kweli. Chukueni MacBook Air ya mwishoni mwa mwaka 2020, iliyouzwa Marekani kwa dola 999. Mwili wake ni wa alumini. Haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi ndani. Betri yake yaweza kufanya kazi ya kuandika mchana kutwa. Kwa mji ambao umeme haupatikani kila saa, hilo si jambo dogo.

Lakini yako mambo mawili ya kufikiri. Kwanza, bei kubwa si kiapo. Kampuni hiyo hiyo ya Apple, kuanzia mwaka 2015, ilitoa mashini zenye kibodi nyembamba sana, ambazo vitufe vyake vilikwama kwa vumbi kidogo tu. Mwaka 2018 ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bila malipo, na mwaka 2022 ilikubali kulipa dola milioni 50 ili kumaliza kesi ya wanunuzi huko Marekani. Wanunuzi wa Marekani walikuwa na mahakama na maduka ya kurudishia. Mtu wa Kindu angeirudisha wapi?

Pili, na hili ndilo lililonishangaza nilipoanza kutazama ndani: mashini ya chini kabisa na mashini ya juu kabisa zinafanana katika jambo moja. Zote mbili hazikubali kufunguliwa na kuongezwa. Katika ile ya maskini vitu vimelehemiwa ili kupunguza gharama. Katika ile ya tajiri vimelehemiwa ili iwe nyembamba na nyepesi. Kwa fundi wetu mwenye bisibisi, matokeo ni yale yale: kipande kimoja kikifa, ubao mzima umekufa.

Mashini ya kazi

Kati ya hizo mbili iko namna ya tatu, iliyoundwa kwa ajili ya ofisi. Hizi ni kama ThinkPad, iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992 na kuchukuliwa na Lenovo mwaka 2005, au Latitude ya Dell, au EliteBook ya HP. Kwa nini zina nguvu? Si kwa sababu waundaji wake wana huruma kuliko wengine. Ni kwa sababu mnunuzi wake ni kampuni inayonunua elfu moja kwa siku moja, nayo ina mafundi wake. Kampuni hiyo haikubali kutupa mashini kwa sababu ya skrubu moja. Kwa hiyo nyingi zina bawaba zilizokazwa katika chuma, kifuniko cha chini kinachofunguka kwa skrubu chache, na kitabu cha matengenezo kinachotolewa bure kwa wote. Baadhi hupimwa kwa kanuni za jeshi la Marekani ziitwazo MIL-STD-810, kwa joto, unyevu, vumbi na mtikisiko. Hata hivyo msilewe kwa neno hilo, maana mwuzaji ndiye anayechagua vipimo.

Mfano mmoja ni ThinkPad T480 ya mwaka 2018. Kumbukumbu yake hutolewa na kubadilishwa kwa vidole. Ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma hutolewa kwa mkono na kuwekwa nyingine, mashini ikiendelea kuwaka. Ilipokuwa mpya iliuzwa yapata dola 1,000. Kampuni za Ulaya na Marekani hubadilisha mashini zao baada ya miaka michache, hata kama hazijachoka, nazo huuzwa kwa bei ndogo. Hivyo mtu maskini aweza kupata mwili wa mashini ghali kwa bei ya ile rahisi.

Katika mkutano niliandika hesabu ubaoni. Mashini mpya ya dola 280, ikidumu miaka 2, kila mwaka umelipa dola 140. Ile ya dola 1,200, ikidumu miaka 8, kila mwaka umelipa dola 150. Mashini ya ofisi ya dola 260, ukaongeza dola 60 za betri na kumbukumbu, ni dola 320; ikidumu miaka 5, kila mwaka umelipa dola 64. Hakuna ajuaye siku ya kufa kwa mashini, lakini ukibadilisha miaka hiyo kidogo juu au chini, njia ya katikati bado hushinda. Bei iliyoandikwa dukani ni bei ya siku moja. Bei ya kweli huonekana baada ya miaka.

Jibu kwa mzee

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Nilimwambia: "Baba, una haki nusu." Ni kweli kwamba takataka nyingi hutumwa kwetu kwa jina la bidhaa. Heshima yetu yatudai tuzikatae. Lakini heshima haikai katika upya wa kitu. Reli ya kutoka Kongolo mpaka Kindu ilijengwa kabla ya vita kuu ya mwaka 1914, na hakuna anayekataa kupanda gari la moshi kwa sababu babu zetu walitangulia kulipanda. Aibu si kununua kilichotumika. Aibu ni kununua bila kupima.

Basi, jinsi ya kupima ni hivi. Kwanza, fungua na ufunge kifuniko mara kumi. Bawaba isilie wala isiyumbe. Pili, bonyeza kila kitufe, na ujaribu kila tundu. Tatu, ulizia chipu yake: kama ni Intel, iwe ya kizazi cha 8 au zaidi, kwa maana huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukataa nyingi zilizo za zamani. Katika jina kama i5-8250U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi. Aliye na mashini ya zamani zaidi asiitupe. Aweke Linux, ambayo ni bure. Nne, andika amri powercfg /batteryreport. Itakuonyesha betri ilikuwa na nguvu gani ilipozaliwa na imebaki na kiasi gani. Tano, ikikudai neno la siri la kampuni fulani kabla ya kuwaka, iache hapo hapo, maana yaweza kuwa ya wizi. Sita, nenda na fundi unayemwamini, umlipe kwa kazi hiyo. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara.

Bati la nchi yetu

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi watu wa Maniema kuliko wengine. Ndani ya kila mashini, ya bei ndogo na ya bei kubwa, vipande vyote vimeshikanishwa kwa bati. Tangu Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia madini ya risasi katika vyombo vya umeme, na tangu hapo kulehemu kwingi ni karibu bati tupu. Kalima na Punia, katika mkoa wetu, zimechimbwa bati tangu zamani za Wabelgiji mpaka leo. Na kobalti ya betri, zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Kongo, hasa upande wa Kolwezi.

Siwezi kusema kwamba bati lililomo katika mashini fulani ni la Kalima. Lakini wengi wetu tuna ndugu waliochimba, tunajua wanavyosimama ndani ya maji siku nzima na wanavyolipwa. Mashini inayokufa baada ya mwaka mmoja haimletei hasara mnunuzi peke yake. Jasho la mchimbaji nalo limetupwa jalalani.

Halmashauri ilikubali. Tulipata T480 kwa dola 260, tukaipima kama nilivyoeleza, na dola 40 zilizobaki zilinunua kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka. Ile kumbukumbu ya kuongeza tutainunua baadaye. Mzee wetu alikuja siku ya pili, akaifungua na kuifunga mara kumi mwenyewe, akahesabu kwa sauti.

Kazi iliyobaki ni kutunza. Msiiweke juu ya blanketi, maana itakosa hewa. Ifunikeni kwa kitambaa wakati wa vumbi la Julai. Msilie chakula juu yake, kwa sababu siso hupenda makombo na joto. Kila mwaka fundi aifungue, asafishe feni. Nanyi mnaojiandaa kununua, iwe kwa ajili ya mtoto, au shule, au jumuiya, kaeni kwanza na kalamu, mgawe bei kwa miaka, ndipo mtoe fedha mfukoni.