Tangi la Gari la Marehemu Baba

Sisi watu wa mwambao tunajua kwamba chuma hakidumu karibu na bahari. Mageti, nondo za madirisha, hata bawaba za milango, vyote huliwa na hewa ya chumvi. Gari linalotembea huonekana likichakaa, na mwenyewe hulishughulikia. Gari lililoegeshwa huoza kimyakimya, na aghalabu huanza kuozea pale pasipoonekana, kwenye tangi la petroli. Ninaandika haya kwa sababu mambo ya magari huhesabiwa kuwa ya wanaume peke yao, ilhali gari hulala nyumbani, na nyumbani ndipo walipo watoto, wazee na jiko.

Marehemu baba alituachia Toyota Celica ya miaka ya mwanzo ya 1990, ile yenye tabo na inayosukumwa na magurudumu yote 4. Waliokuwa wakifuatilia Safari Rally wanalijua jina hilo. Celica ya tabo ilishinda mashindano hayo mwaka 1984 ikiendeshwa na Björn Waldegård wa Uswidi, na mwaka 1994 Mkenya mwenzetu, Ian Duncan, akashinda kwa Celica ya tabo. Baba hakuwa mtu wa mashindano. Alikuwa mwenye duka, mpole wa mwendo, lakini alilipenda gari lile na hakumwachia mtu mwingine kuliosha. Alipofariki, lilikaa ndani ya ua wetu miaka 4 chini ya turubai, tangi likiwa na petroli nusu.

Nusu hiyo ndiyo iliyoleta mambo. Sehemu ya tangi isiyo na petroli hujaa hewa, na hewa ya Pwani ina unyevu. Usiku unapopoa, unyevu huo hugeuka matone, matone huteremka ukutani mwa tangi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huzama na kutulia chini kabisa. Hapo chuma huanza kushika kutu kutoka ndani. Kwa nje unaona rangi nzuri. Kwa ndani bati limekuwa jembamba kama karatasi. Petroli nayo haikai milele: huharibika, na huacha utando wa gundi unaoziba pampu na nozeli za injini.

Mapema mwaka huu Mama alianza kulalamika harufu. Tulipoinua turubai tukaona doa kwenye saruji, kubwa kama kisahani cha kikombe. Ndugu yangu mdogo alifurahi kuliko kuhuzunika, kwani alikuwa amekusudia siku ya nikaha yake aende kwa gari la baba, na sasa amepata sababu ya kulifufua. Harusi ilikuwa imebakisha wiki 5.

Fundi wa kwanza aliyemleta alitazama chini ya gari na kusema ni kazi ya jioni moja. Atalishusha tangi, ataimwaga petroli, kisha atalichomelea papo hapo uani. Nilimwambia mlango wa jikoni uko hatua chache tu kutoka pale. Akanijibu kwa upole, "Usiwe na wasiwasi, dada yangu. Tangi likishamwagwa halina kitu tena."

Maneno hayo ndiyo yanayoua watu. Petroli ya majimaji siyo inayowaka. Unaowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo ya hewa. Tangi lililomwagwa limejaa mchanganyiko huohuo unaotaka cheche moja tu. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Mombasa. Isitoshe, mvuke huo ni mzito kuliko hewa: haupandi juu ukapotea, bali hutambaa chini, hupita kizingitini, huingia jikoni na kutafuta moto. Hata kuosha tangi kwa sabuni mara moja hakutoshi, kwa maana petroli hujificha ndani ya mikunjo na kutu, na ikipata joto la kuchomelea hutoka tena. Wako mafundi wanaoziweza kazi hizo, lakini wana karakana zao na taratibu zao. Hawazifanyi uani kwa watu, penye nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta.

Nikasema, "Fundi, ndani ya ua huu hakuwashwi cheche." Ndugu yangu akaona haya mbele ya mgeni wake. "Dada, hii ni kazi ya mafundi," akasema. Nikamjibu, "Kazi ni ya mafundi, nyumba ni yetu sote." Mama, aliyekuwa amekaa barazani na tasbihi yake, hakusema neno ila moja: gari lisukumwe nje kwa mikono, lisiwashwe.

Siku ya pili ndugu yangu alikuja na shauri jingine. Tuliache tangi bovu mahali pake, tuweke tangi jipya ndani ya buti, la plastiki au la alumini, na pampu kubwa pembeni. Alikuwa ameona vijana wakifanya hivyo. Safari hii nilimwomba tumtafute fundi mtu mzima, na tukampata mmoja aliyewahi kuhudumia magari ya mashindano. Alituchorea kwa chaki sakafuni, na maelezo yake nayakumbuka vyema.

Tabo, alisema, ni gurudumu dogo la mapezi linalozungushwa na moshi wa injini, na huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ambayo ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli nayo lazima izidi, tena kwa shinikizo lisiloyumba. Petroli ikikatika kwa muda wa kupepesa jicho huku hewa ikiendelea kusukumwa, joto ndani ya injini hupanda na pistoni huweza kutoboka. Kwa hiyo tangi la gari kama hili si ndoo ya kuwekea mafuta. Ndani yake mna kuta ndogo za kuizuia petroli isikimbilie upande mmoja kwenye kona, pamoja na pampu inayopaswa kuzamishwa daima. Kuna mrija wa kupeleka petroli kwenye injini, mrija wa kurudisha iliyozidi, na mrija wa kupumulia mvuke.

Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari. "Tazama, mwanangu," akamwambia ndugu yangu. "Buti la gari hili na viti vya watoto ni chumba kimoja." Ni kweli: mlango ule hufunguka pamoja na kioo, na hakuna ukuta wa chuma kati ya mizigo na abiria. Magari ya mashindano huweza kubeba tangi nyuma, lakini tangi hilo ni mfuko wa mpira mgumu ndani ya sanduku la chuma, limetengwa na dereva kwa ukuta, na dereva mwenyewe amevaa nguo za kuhimili moto. Mwanangu wa miaka 6 hupanda gari na kanzu.

Shauri likawa moja: kutafuta tangi la asili la gari la aina hiyohiyo. Ndugu yangu alikwenda mwenyewe Nairobi, akazunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road, akalipata moja lililotolewa kwenye gari lililovunjwa. Lilikuwa na kutu ya juujuu lakini bati lake lilikuwa zima. Gari lilivutwa hadi gereji isiyokuwa na makazi karibu, na petroli ya zamani ikatolewa mahali pa wazi.

Tangi lilioshwa mara kadhaa, kisha likajazwa maji yaliyotiwa magadi, jamaa ya haya tunayoyajua jikoni. Fimbo ya chuma ikaning'inizwa ndani bila kugusa ukuta, waya hasi wa chaja ya betri ukafungwa kwenye tangi na waya chanya kwenye fimbo. Umeme huivua kutu ikaanguka kama magamba. Kazi hiyo nayo ina masharti yake, kwani hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Lazima ifanywe nje, penye upepo, mbali na moto. Baada ya hapo tangi lilisuuzwa, likakaushwa na kupakwa mafuta upesi, kwani chuma kitupu Pwani hushika kutu kwa muda wa saa chache. Pampu na filta zikawa mpya, na mirija ikawa ile ya kuhimili petroli na shinikizo, si mpira wa maji uliokatwa. Usiku wa mwisho likatiwa petroli kidogo na kutandikiwa karatasi nyeupe chini. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu.

Sitaficha kwamba haya yalikuwa na gharama. Fedha zilizidi mara 4 zile alizotaja fundi wa kwanza, na warithi wote tulichangia. Muda nao haukutosha. Siku ya nikaha, ndugu yangu alikwenda kwa gari la kukodi, tangi likiwa bado limejaa magadi. Niliuona uso wake alipokuwa akipanda gari lile la watu, na moyo uliniuma. Hatukuzungumza sana kwa siku kadhaa. Wiki ya tatu baada ya harusi alikuja kumchukua Mama kwa gari la baba, kumpeleka Malindi, na mkewe amekaa nyuma.

Dada zangu, mkiwa na gari litakaloegeshwa muda mrefu, msingoje harufu. Mwiteni fundi alimwage tangi na kulikausha. Mkiisikia harufu ya petroli, zimeni jiko, fungueni milango, msiguse swichi za umeme, na gari lisukumwe badala ya kuwashwa. Moto wa petroli hauzimwi kwa maji, kwani petroli huelea juu yake na moto ukasambaa. Wekeni kizima moto cha unga mahali panapofikika. Na mtu akija kuchomelea tangi uani kwenu, mnayo haki ya kusema hapana, hata kama hamjui jina la kipuri kimoja.